Nokoa wa Al Khuwair

Ijumaa ile haikuwa na ila yoyote. Tulirudi kutoka msikitini, jua la Hail, huku ng'ambo tulikohamia kutoka Unguja, limesimama juu ya vichwa vyetu, na binti yangu Lamya alikuwa amekwisha andaa wali wa nazi na mchuzi wa papa. Mgeni wetu alikuwa Hamoud, mkuu wake wa kazi, kijana mwenye adabu, kofia imekaa sawa na kanzu imepigwa pasi hadi inakata. Walifanya kazi pamoja Al Khuwair, katika kampuni inayotunza kompyuta za ofisi nyingine. Nilijua kilichomleta. Kijana haji kula kwa mzee mjane Ijumaa baada ya Ijumaa kwa ajili ya papa.

Nilimjua pia kwa ukoo wake, na hilo lilinikaa kooni kuliko mwiba wa samaki. Hamoud ni mjukuu wa Bibi Khole. Na Bibi Khole ndiye aliyekuwa mwenye nyumba, kule Unguja, ambamo mama yangu alitumika tangu alipoweza kushika ufagio hadi siku alipoanguka. Sheria ilikuwa imekwisha sema zamani kwamba hapana tena mtumwa katika kisiwa kile. Nyumba ile haikuisikia sheria. Mama akiitwa kutoka ghorofani aliitika "Labeka!" akakimbia huku akiburura mguu wake mmoja mbovu, na akifika alisimama. Hakai, hageuki, haondoki, mpaka Bibi aseme, "Bas, nenda." Ndiyo iliyokuwa desturi ya nyumba. Siku nyingine Bibi alisahau kusema, au alijisahaulisha, na mama akasimama tangu alasiri hadi taa zikawashwa.

Sikumwambia Hamoud haya. Hata Lamya sikuwahi kumsimulia, wala kumtajia jina la mama yangu, nisije nikamrithisha aibu isiyo yake. Mjukuu hana hatia ya nyanya yake. Hivyo ndivyo nilivyojiambia nilipomkaribisha mezani.

Baada ya kahawa Lamya alifungua kompyuta yake mpakato.

"Baba anapenda kujua mambo," alimwambia mwenzake. "Mwoneshe."

"Ami Yassin," akasema Hamoud, "kile kimbunga cha mwaka jana kilipoingiza maji ofisini, mashine zetu zote zilikufa. Sasa tuna mashine moja kubwa, ghorofa ya juu, na ndani yake tumeumba nyingine nyingi zisizo na mwili."

"Zisizo na mwili?"

"Kompyuta pepe, Baba," alisema Lamya. "Kila moja ina kazi yake, na inadhani ina chuma chake. Kumbe haina hata msumari."

"Na nani anazisimamia?"

Hamoud alicheka. "Hapo ndipo penye utamu! Zamani nilikuwa nikihangaika nazo mwenyewe. Sasa nimeweka programu ya kuzisimamia. Mimi naandika ukurasa mmoja tu: nataka fulani awepo, kazi yake hii. Msimamizi anausoma, anamuumba. Kisha anawaita mmoja mmoja kwa jina, kutwa kucha. Anayeitika, salama. Asiyeitika anauawa papo hapo, na anafufuliwa mwingine kwa kiolezo kile kile na jina lile lile. Hapana kuumwa, hapana likizo."

"Na huyo msimamizi, naye ana jina?"

"Nokoa."

Nilikitua kikombe. Vijana wa siku hizi hulitamka neno hilo kama mzaha. Mimi nalijua. Nokoa ndiye aliyekuwa akiwasimamia watumwa mashambani, bakora mkononi, akiwaita kwa majina kabla jua halijatoka.

Nikavaa miwani. Nilijifunza kusoma nikiwa na mvi, peke yangu, baada ya miaka mingi ya kuendesha gari la maji, kwa vitabu vya watoto nilivyoagiza kutoka Unguja. Nasoma polepole, herufi baada ya herufi, lakini siruki neno. Na neno la kwanza nililojifunza kuandika lilikuwa jina la mama yangu. Kwa hiyo nililiona kabla ya mengine yote, pale juu ya kioo cha kompyuta, limepangwa kwa herufi ndogo ndogo.

Bakhita. Chini yake, Mahbuba. Chini yao wengine, watumishi wa nyumba ile, wote nnawajua. Wote walizikwa kwa sanda za sadaka.

"Majina haya umeyapata wapi?"

"Kwa nyanya yangu. Nilimwambia nna mashine za kutumika na sina majina ya kuzipa, akanitajia bila ya kufikiri. Hata kinga ya hasad, ya jicho la wenye wivu, alinipa, kijaluba, kikasha kidogo cha fedha, nikiweke juu ya kabati la mashine. Wazee wetu hawa, Ami! Nimekiweka ili nimridhishe tu. Sikukifungua."

"Huyu Bakhita anafanya nini?"

"Huyo ndiye mbeba mizigo," alisema kwa fahari. "Yuko mlangoni. Kila ombi linaanza kwake. Akilala yeye, wote wamelala."

"Ni mama yangu."

Lamya alishika mdomo. Hamoud alibadilika rangi.

"Wallahi, Ami, sikujua. Nisamehe. Lakini ni jina tu."

"Ni jina tu kwa anayeita," nilisema. "Mama yangu aliitwa akiwa na homa. Akaamka, akaitika, akafia kizingitini sinia likiwa mkononi. Nilidhani alau kaburini hapana anayemwita. Nawe umemfukua ukamwekea nokoa! Mfute."

"Kesho asubuhi, ofisi ikifunguliwa. La kwanza nitakalolifanya."

Hamoud alipokuwa akivaa viatu, Lamya alininong'oneza. "Baba, mashine ile ina saa mbovu. Iko nyuma kwa saa sita. Tunairekebisha, inarudi. Tazama."

Nilitazama. Ilionesha saa nane, na muda si mrefu tulikuwa tumetoka kuswali Ijumaa. Saa ile haikuwa mbovu. Ilikuwa ikihesabu saa za Kiswahili, kama tulivyohesabu sisi, kwetu, jikoni.

*

Hamoud alitimiza ahadi. Jumamosi asubuhi alilifuta jina la mama yangu. Lakini pale mlangoni hapawezi kukaa bila mtu, na Nokoa haumbi kitu kisicho na jina. Ikambidi aandike jingine. Akawaza, akaona jambo zuri la kunituliza na la kumpendeza amtakaye. Akaandika Lamya.

Alidhani ananiheshimu. Mpaka leo nikilikumbuka hilo meno yangu yanasagana.

Alasiri ile ile Lamya alikuwa jikoni akikata vitunguu, nami nimekaa karibu yake nikichambua mchele. Aliinua kichwa.

"Labeka," alisema.

"Nani kakuita?"

"Si wewe, Baba?"

"Sijakuita."

Akacheka. Kisha cheko likakatika. Akakiweka kisu. Akaenda hadi kwenye mlango wa jikoni, akasimama, mikono imeshikana mbele, macho yametua sakafuni. Hakuna aliyemfundisha kusimama vile. Binti yangu kasoma chuo kikuu. Mimi nimeuona msimamo ule utoto wangu wote.

Nikamshika. Alikuwa baridi, na nje joto la Agosti likipasua mawe. Alipozinduka alilalamika vidole gumba vinamuuma. Nikavitazama. Vilikuwa vimevimba, na mikono yake ilinuka mafuta ya nyonyo.

Nyumbani kwetu hatukuwa na mafuta ya nyonyo.

Ikawa ndiyo ada ya kila alasiri. Akakonda. Daktari alisema damu imepungua. Nikamsomea Kurani, mkono wangu juu ya utosi wake, na katikati ya aya, kwa sauti ndogo ya mtu aliyekimbia, aliitika. Labeka. Simwoni anayeita. Labeka. Akaanza kuburura mguu mmoja.

Hapo ndipo nilipoyakumbuka mafuta yale. Kila alasiri, baada ya kahawa, mama alikuwa akimkanda Bibi Khole miguu.

*

Bibi Khole aliishi Azaiba, katika nyumba nyeupe nyuma ya maduka ya barabara kuu. Getini nilikutana na mtumishi wake, Bupe, mwanamke wa Mbeya, begi begani na viatu mkononi.

"Shikamoo, baba. Usiingie humo."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Mimi naondoka. Naenda ubalozini hivi nilivyo, pasipoti wabaki nayo wakaivae!" Akatazama nyuma, akashusha sauti. "Huyu mama miguu yake imekufa, hatembei, mimi ndiye nilikuwa namkanda. Sasa ananiambia, Bupe, kaa pembeni, mwenzio amefika. Nachungulia, hakuna mtu. Ila miguu inabonyea, baba. Inabonyea vidole."

"Tangu lini?"

"Muda sasa. Mwanzoni alikuwa mtu mzima, anavuta mguu, namsikia akipanda ngazi. Nikazoea, nikasema ni mashetani yao ya huku. Lakini tangu Jumamosi iliyopita kaja mwingine. Huyu mwepesi." Alianza kuvaa viatu. "Mwepesi kama binti. Halafu analia."

Nikaingia.

Alikuwa ameketi juu ya matakia, mapazia wazi, jua limejaa chumbani, asumini kwenye nywele zake nyeupe. Amejinyoosha. Miguu imepakwa mafuta, inang'aa.

"Yassin wa Bakhita," alisema. "Nasikia umejifunza kusoma."

"Nimejifunza."

"Nani kakupa ruhusa?"

Nilikuwa nnaitazama miguu. Ngozi ya unyayo ilididimia. Ikainuka. Ikadidimia tena, mahali pawili, pole pole, kama inayobonyezwa na vidole gumba. Na kila iliponyanyuka iliacha alama ndogo ya duara. Ni alama ya pete. Marehemu mke wangu alikuwa na pete ya namna hiyo. Lamya kairithi, haivui kidoleni.

"Mwachie," nilisema.

"Mimi nilimtaka Bakhita. Yule mjinga wangu kanibadilishia. Nilikasirika, mpaka niliposikia mikono. Kijakazi mchanga mikono yake laini."

"Mwanangu si kijakazi wa mtu."

"Mwanao kaandikwa." Alitabasamu. "Mlidhani mmeondoka, nyinyi, kwa kuwa mlipanda meli mkaja huku mkapewa pasipoti? Nilikuwa nangoja mtu wa kuwaandika tena tu. Nokoa nilikuwa sina. Mjukuu wangu akaja mwenyewe, na werevu wake wote, akaniambia, 'Bibi, nnaye anayeita na asiyechoka.' Nikampa majina. Nikampa na kijaluba. Hakuuliza."

"Sema 'Bas, nenda.' Maneno mawili. Sema!"

"Mbona unapiga kelele, Yassin? Utamtisha." Akaunyooshea kidole mguu wake wa pili. "Bado mguu wa kushoto."

Kulikuwa na mto wa hariri kando yake. Mikono yangu iliutazama kabla ya macho. Namshukuru Mungu nilitoka, ingawa sijui kama niliyoyafanya baadaye ni afadhali.

*

Nilifika Al Khuwair jua likiwa bado juu. Lamya alikuwa ofisini. Asubuhi nilimsihi abaki nyumbani, akasema akibaki ndiyo anaitwa zaidi. Nilimkuta chumba cha ghorofa ya juu, mbele ya kabati la mashine, amepiga magoti. Macho wazi. Hatuoni. Mikono yake ilikuwa ikikanda hewa.

Hamoud alikuwa mbele ya kioo, machozi yanamtiririka.

"Nimemfuta, Ami. Nafuta jina, linarudi. Ukurasa ni wangu, nauona, sikuliandika mimi!"

"Mzime Nokoa."

"Nimemzima. Bado anaita."

Nilikishusha kijaluba kutoka juu ya kabati, nikakifungua. Mlikuwa na vipande vya kucha za watu, vya zamani, vimekuwa njano, vimefungwa kwa uzi mwekundu. Juu yake kulikuwa na kipande kimoja kipya, cheupe, chenye rangi ya kucha ya binti yangu, sijui kiliingiaje. Nikakitupa dirishani na vilivyomo.

Haikubadilika kitu. Mikono ya Lamya iliendelea. Vidole vyake vilianza kutoka damu.

Kwenye kioo Hamoud alifuta tena. Pale palipokuwa na jina pakabaki patupu. Nikapatazama. Herufi zikaanza kurudi, moja moja, hakuna anayezigusa. L. A. Ndipo nilipofahamu. Ukurasa ule haukubali nafasi tupu. Unataka mtumishi. Ukikosa wa kupewa, unamchukua uliyemzoea.

"Nipishe," nilimwambia.

"Unataka kufanya nini, Ami?"

"Kuandika."

Nikakaa kwenye kiti chake. Nikafuta. Kisha, kwa kidole kimoja, kama nilivyojifundisha, nikaitafuta K. Nikaitafuta H. O. L. Hamoud alikuwa akisoma nyuma yangu, na nilisikia pumzi yake ikisimama.

"Ami Yassin. Huyo ni nyanya yangu."

"Ni jina tu," nilisema.

Akanitazama. Angeweza kunizuia, ana nguvu, ni kijana. Akamtazama Lamya. Damu ilikuwa imefika kwenye viganja. Mimi nikaandika E. Na kitufe cha kuuthibitisha ukurasa ule, ambacho nisingelikijua, alikibonyeza yeye.

Mikono ya Lamya ikaanguka mapajani.

Kwenye kioo Nokoa aliliita jina jipya. Hapana jibu. Akaliita tena. Hapana. Saa ya pembeni ikacheza, ikarudi nyuma kwa saa sita. Na jibu likaja. Hamoud alinambia baadaye kwamba mashine zile hazikufunzwa neno lolote, zinajibu kwa nambari. Mimi nilisoma nilichokiona. Nilikisoma polepole, herufi baada ya herufi, nisije nikakosea.

Labeka.

*

Walimkuta Bibi Khole jikoni kwake. Mwanamke ambaye miguu yake ilikuwa imekufa kwa miaka alikutwa amesimama wima mbele ya jiko, sinia la kahawa mkononi, roho imekwisha toka. Ilibidi wanaume wawili wavibandue vidole. Waliomwosha walisema nyayo zake zilikuwa zimepasuka, kama za mtu aliyepanda na kushuka ngazi umri mzima.

Kampuni iliivunja ile mashine kubwa, chuma chake kikauzwa kwa uzito. Hamoud alihamia Suhar na hakuja tena kula Ijumaa kwetu. Lamya alipona. Hakumbuki kitu, ila hawezi kuvumilia harufu ya mafuta ya nyonyo, na akiitwa huitika "Nnakuja," hata na mume aliyemwoa baadaye.

Ningependa kumalizia hapo.

Lakini kila alasiri, hapa Hail, nikiwa nimekaa na kitabu, nasikia nyayo koridoni. Ni nzito, za mtu asiyezoea kutembea. Zinafika mlangoni pangu. Zinasimama. Nikifungua simwoni mtu. Nakuta sinia sakafuni, kikombe kimoja, kahawa inafuka moshi, na ua la asumini lililonyauka pembeni yake. Siinywi. Naimwaga sakafuni mbele yake, kama yupo. Najua yupo. Nasikia pumzi.

Lamya anajua, nilimsimulia yote. Huja akanishika mkono, akaninong'oneza, "Baba, mwachie. Sema tu yale maneno. Mashine imekwisha vunjwa, Nokoa hayupo, wewe ndiye uliyebaki kumshikilia."

Yawezekana. Maneno nnayajua, ni mawili, nimeyangoja utoto wangu wote yasemwe. Namkumbuka mama pale ghorofani, miguu imemvimba, anangojea kuruhusiwa, nami chini ya ngazi nahesabu taa zinavyowashwa.

Sijayasema.

Sasa hivi naandika haya, na sinia la leo liko mlangoni. Limekuja tangu alasiri. Taa za jirani zimekwisha washwa, na kahawa haijapoa.